Barua ya wazi kwa wakuu wa stesheni za runinga: Wapeni wanawake kalamu ya mwisho ya vichekesho

Kwa wakurugenzi wa vipindi katika stesheni za runinga nchini Kenya, kwa watayarishaji wanaoziuzia stesheni hizo vichekesho, na kwa maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwandishi wa vichekesho vya runinga hapa Nairobi. Mistari yangu imesemwa na waigizaji mnaowajua, saa ambazo nyumba nyingi zimeketi kula chakula cha jioni, na kesho yake imerudiwa kwenye matatu na watu wasiojua ilitoka wapi. Siwaandikii kuomba kazi. Ninawaandikia kuhusu jambo moja ambalo mna uwezo wa kulirekebisha kabla ya msimu ujao: wanawake tumo katika vyumba vinamoandikwa vichekesho, lakini kalamu ya mwisho haimo mikononi mwetu.

Nieleze maana ya kalamu ya mwisho, kwa sababu wengine wenu mmepanda vyeo kutoka idara ya habari au ya mauzo na huenda hamjawahi kuketi katika kikao cha skripti. Kichekesho cha runinga hakiandikwi na mtu mmoja. Watu wanne au watano huketi mezani, hujenga kisa pamoja, kisha kila mmoja hupewa sehemu yake akaiandike. Rasimu hurudi mezani, husomwa kwa sauti, hupigwa msasa. Baada ya hapo mwandishi mkuu huichukua akaondoka nayo. Huko aendako hukata, huongeza, hubadilisha nani anasema nini, na skripti ikirudi huwa ndiyo ya kurekodiwa. Mtu huyo ndiye anayeamua mtazamaji acheke nini, na zaidi ya hapo, amcheke nani.

Katika vyumba vingi nilivyofanyia kazi mtu huyo amekuwa mwanamume. Baadhi yao ni waandishi hodari na wamenifundisha mengi. Lakini ninyi mkijiuliza kwa nini wanawake katika vichekesho vyetu ni wale wale, mke mbea, mama mkwe mkorofi, yaya mshamba, msichana wa mjini anayependa pesa, jibu liko hapo.

Niwape mfano nilioushuhudia kwa karibu. Tulikuwa tunaandika sehemu moja ya kipindi, kuhusu chama cha kuweka akiba cha akina mama wa ploti moja. Mweka hazina amezitumia pesa, na siku ya mgao imefika. Katika rasimu yangu wanachama wameketi, chai imeshamiminwa, na mweka hazina anasimama na lile daftari kubwa la jalada gumu jeusi. Anaomba tuanze na maombi. Anaiombea ploti, anaiombea kaunti, anaziombea nchi jirani. Kila wanachama wakidhani ameni imekaribia, anamkumbuka mgonjwa mwingine. Maombi yanapokwisha, mwenyekiti anamuuliza kwa upole pesa ziko wapi. "Pesa ziko salama," anajibu. Kimya. Kisha mama mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hajasema neno tangu sehemu ianze, anauliza: "Huyo Salama anakaa wapi, twende tukamwone?"

Meza nzima ilicheka. Kisha ikaja kauli kutoka kichwani pa meza: ni sawa, lakini pamepoa sana, wapigane. Wavuane wigi. Nilieleza kwa nini hawawezi kupigana. Skripti iliyorudi ilikuwa na wigi mbili zilizorushwa, sufuria iliyomwagika na dera lililoraruka. Maombi yalikatwa ili nafasi ya vita ipatikane. Mama wa nyuma naye akaondolewa, kwa kuwa mwigizaji wa maneno mawili ni gharama.

Yeyote aliyewahi kuwa katika chama cha wanawake anajua kwamba kichekesho kizima kilikuwa katika ile heshima. Mweka hazina huyu ndiye aliyeshinda na wewe jikoni wakati wa matanga ya mama yako. Ndiye aliyekusimamia hospitali mtoto wako alipolazwa. Pesa amekula, na kila mtu anajua amekula, lakini ni nani atakayelitamka kwanza? Kwa hiyo wanachama hawamvui wigi. Wanaomba kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe. Wanamuuliza habari za mtoto wake aliyeanza shule ya kibinafsi muhula huu. Wanasifu makochi yake mapya, mmoja baada ya mwingine, wakiyapapasa kitambaa. Hiyo ndiyo vita ya chama, na ni kali kuliko kuvuana wigi, na inachekesha zaidi kwa sababu mtazamaji anaitambua. Mwandishi aliyekuwa na kalamu ya mwisho hakuwahi kuiona, kwa hiyo akaandika vita aliyoijua yeye, ambayo ni vita ya wanawake wanaotazamwa kwa mbali na wanaume.

Sisemi mwanamume hawezi kuandika mwanamke. Anaweza, akisikiliza. Wala sina ugomvi na mwanamume kuvaa dera na kujifunga leso akaigiza mama. Huo ni ufundi wa siku nyingi katika kanda yetu, na mchekeshaji Joti kule Tanzania amejipatia sifa kwa wahusika wa kike kama alivyojipatia kwa wa kiume. Ninachokataa ni hali ambapo mwanamume ndiye anayeandika mwanamke, ndiye anayemwigiza, ndiye anayeidhinisha bajeti yake, na mwanamke pekee aliyebaki katika mlolongo huo ni yule anayewasha runinga.

Mnajua vizuri kwamba njia nyingine ipo, kwa sababu mmeshaiona ikifanya kazi. Mwaka 2014 NTV ilianza kurusha Auntie Boss, kipindi kilichobuniwa na mwanamke, Eve D'Souza. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao katika vichekesho vyetu walikuwa wamezoea kuingia na trei, kuchekwa kwa lafudhi yao na kutoka, wakawa ndio wenye kisa. Waajiri ndio wakawa wa kuingia na kutoka. Mtazamaji aliingizwa upande wa pili wa mlango wa jikoni, akasikia wanavyosemwa wenye nyumba pale ambapo wenye nyumba hawasikii. Nyce Wanjeri, aliyeigiza Shiru, alishinda mwaka 2018 tuzo ya AMVCA, tuzo za Afrika za filamu na runinga, ya mwigizaji bora wa kike katika vichekesho, akiwashinda wenzake wa bara zima. Kabla yake tulikuwa na Mary Khavere, Mama Kayai wa Vitimbi, aliyekaa kwenye skrini ya KBC miaka mingi kiasi kwamba watu wa umri wangu walilelewa naye. Kutoka Uganda, Anne Kansiime alianza na michezo mifupi ya kuigiza, akaenda hadi akapata kipindi Citizen, na nyumba za Kenya zikamtazama bila kujali kwamba si Mkenya. Hakuna stesheni iliyowahi kufilisika kwa kumpa mwanamke kichekesho.

Hata hivyo, wote hao tuliwajua kwa nyuso zao. Ninaowatetea leo ni wale wasio na sura, wanaoketi mezani na kuandika. Na ni pale mezani ndipo mambo huharibika, kwa njia ndogondogo ambazo mtu asiyekuwamo hawezi kuziona.

Chukua jambo la laptopu. Kikao kinapoanza, lazima mtu mmoja aandike yanayosemwa. Mara nyingi huambiwa mwanamke: shika wewe, una kasi. Ni jambo la heshima, unaweza kudhani. Lakini vichekesho mezani huja kwa mfululizo. Mtu akirusha neno, mwingine hulidaka palepale, na kabla ya sekunde mbili limeshapita. Anayechapa yuko nyuma ya wote kwa sentensi moja. Vidole vyake vinamalizia neno la mwenzake wakati neno lake mwenyewe linapoa. Kikao kikifika mwisho, yeye ndiye aliyeandika kila kitu na ndiye aliyesema kidogo kuliko wote. Msimu ukiisha, mwandishi mkuu akiulizwa nani alichangia zaidi, atawataja waliosema. Huyo wa laptopu atapewa cheo cha msaidizi wa skripti, na malipo ya msaidizi.

Au chukua kile kiti kimoja. Vyumba vingi vikishapata mwanamke mmoja huhesabu kazi imekamilika. Mwanamke huyo hugeuzwa balozi wa wenzake wote. Mzaha ukisemwa, macho yote humgeukia: je, hii wanawake wataionaje? Akisema ni mbaya, anaambiwa hana ucheshi. Akicheka, kicheko chake kinakuwa ruhusa, na mzaha huo ukilaumiwa mtandaoni baadaye, watasema palikuwa na mwanamke chumbani na alicheka. Wakiwa wawili hubishana wao kwa wao, na hapo ndipo chumba kinapogundua kwamba wanawake hawana rai moja. Wakiwa watatu hakuna anayewageukia tena. Wanaandika tu.

Halafu kuna yale tunayoambiwa si ya familia. Kanuni za maudhui zinalinda muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na ni haki, watoto wanatazama. Lakini nimeona utani kuhusu mwanamke mnene aliyekwama kwenye kiti cha matatu ukipita bila swali, na utani kuhusu mama anayekamua maziwa katika choo cha ofisi huku bosi akigonga mlango ukikatwa kwa kuwa eti utawaaibisha watazamaji. Mtazamaji gani? Mama anayekamua maziwa chooni amejaa nchi nzima, naye hulipia king'amuzi. Huyo akijiona kwenye runinga hatabadilisha chaneli. Hakuna kanuni inayokataza maziwa ya mama. Anayeyakataza ni mtu mmoja mwenye kalamu ya mwisho ambaye hajui aanze kuyachekea wapi.

Kuhusu saa na mahali pa kazi nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnajua. Vikao vinavyoanza saa kumi jioni na kuisha saa tatu au nne za usiku Kilimani au Westlands vinamaanisha kwamba anayeishi Rongai au Kayole atafika nyumbani usiku wa manane, akibadilisha matatu mjini katika saa ambazo hamngependa binti zenu wasimame stejini. Vikao vikiisha, kikao chenyewe cha kweli huhamia klabu, na huko ndiko hugawanywa sehemu za wiki ijayo. Anayekwenda nyumbani kunyonyesha anakuta sehemu nzuri zimeshachukuliwa. Malipo nayo hupangwa mmoja mmoja, kimyakimya, na si mara moja nimesikia mwanamke akiambiwa apunguze bei kwa kuwa ana mume. Kazi ya kuandika haina bei ya mwenye mume na bei ya asiye na mume.

Nimefika kwenye maneno mazito, na hapa ninaomba mnisome vizuri. Wako wanaosema kwamba chumba cha vichekesho hakiwezi kufanya kazi bila matusi, kwa hiyo asiyeyaweza aandike tamthilia. Hoja hiyo si yetu pekee. Mwaka 2006 ilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya jimbo la California nchini Marekani, katika kesi ya Amaani Lyle, aliyekuwa msaidizi wa waandishi wa kipindi cha vichekesho cha Friends. Mahakama iliamua kwamba maneno machafu aliyoyasikia yalikuwa sehemu ya kazi ya ubunifu na hayakumlenga yeye kwa kuwa ni mwanamke. Mimi sidai watu wanyamaze. Nimeandika maneno mazito na nitaendelea kuyaandika, kwa sababu watu wetu huyasema. Ninachodai ni mpaka ambao kila mwandishi mwenye akili anaujua: kuna neno linalosemwa juu ya mhusika, na kuna neno linalosemwa juu ya mwenzako aliyeketi kiti cha pili, kuhusu mwili wake, huku wengine wakisubiri kuona kama atacheka. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Kampuni nyingi za utayarishaji hukwepa kwa kusema kwamba waandishi ni vibarua wa kulipwa kwa kila sehemu, si wafanyakazi. Ninyi wenye stesheni mnaonunua kipindi hicho mna wafanyakazi zaidi ya 20. Sera yenu ifuate kipindi chenu hadi chumbani kinamoandikwa.

Sasa nizungumzie jina. Kipindi kikiisha, majina hupanda mbio, na stesheni nyingi huyabana kwenye kona ili kupisha tangazo. Katika vurugu hiyo ni rahisi jina la mwandishi kupotea, na nimeliona la kwangu likipotea katika sehemu nilizoandika kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huku pakiandikwa jina la kampuni mahali pa jina la mwandishi. Nilipouliza niliambiwa nimeshalipwa.

Waheshimiwa, kulipwa ni jambo moja na jina ni jambo jingine, na si mimi ninayesema hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema hivyo. Kifungu cha 31 kinaeleza kwamba kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa katika ajira, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mawakili wenu huisoma. Sentensi hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba uhamisho huo unaweza kuzuiwa au kuwekewa mipaka kwa makubaliano ya pande mbili. Maana yake ni kwamba hakuna sheria inayowazuia kumwachia mwandishi fungu la mauzo kipindi kinapouzwa tena kwa stesheni nyingine au kwa huduma ya mtandaoni. Kisha kuna kifungu cha 32, ambacho sijawahi kumsikia mtayarishaji akikitaja. Kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe, hata akiwa hana tena umiliki wa kibiashara. Haki hiyo haihamishiki akiwa hai. Hamwezi kuinunua, na mimi siwezi kuiuza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na pete tunayoidai tayari ni yetu.

Jina likikosekana, hasara yake haiishii kwenye hisia za mtu. Mwandishi mkuu huteuliwa kwa kutazama orodha ya vipindi alivyoandika. Mwanamke ambaye jina lake liliachwa nje ya misimu mitatu hana cha kuonyesha, hata kama mizaha yake inajulikana nchi nzima. Ndipo mnaposema, na ninawaamini mnaposema, kwamba mlitafuta mwanamke mwenye uzoefu wa kuongoza chumba mkakosa. Uzoefu upo. Haukuandikwa.

Nimefuatilia yaliyotokea Marekani, kwa sababu mfumo huu wa chumba cha waandishi tuliuchukua huko, na kuna funzo ambalo halizungumzwi sana. Watu hupenda kuhesabu ushindi. Wanamtaja Madelyn Pugh, aliyekuwa katika timu ya kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy kuanzia 1951 na aliyejaribu vituko mwenyewe kabla ya kumwandikia nyota wake, Lucille Ball, ahakikishe vinawezekana kwa mwili wa mwanamke. Wanamtaja Tina Fey, aliyekuwa mwandishi mkuu wa kwanza mwanamke wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live mwaka 1999, wakati kipindi hicho kilikuwa hewani tangu 1975. Wanawataja Lena Waithe na Quinta Brunson, wanawake weusi walioshinda Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya uandishi wa vichekesho mwaka 2017 na 2022. Ni ushindi, na ninaufurahia. Lakini hadithi inayonihusu mimi zaidi ni ya Merrill Markoe. Mwaka 1982 alisaidia kukijenga kipindi cha usiku cha David Letterman na akawa mwandishi mkuu wake wa kwanza. Miaka 27 baadaye, mwaka 2009, Nell Scovell, aliyewahi kuandika katika kipindi hicho hicho, aliandika hadharani kwamba katika vyumba vya waandishi vya vipindi vya Letterman, Jay Leno na Conan O'Brien, kwa wakati ule, hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Mwanamke aliweka msingi, na nyumba ikamalizikia kuwa ya wanaume watupu.

Nawaambieni hivi kwa sababu najua mtakachojibu: subirini, mambo yanabadilika, wasichana wengi sasa wanasomea filamu. Hayabadiliki yenyewe, na yakibadilika hurudi nyuma pasipo na sheria iliyoandikwa. Waandishi wa Marekani walilielewa hilo. Huko si mtayarishaji anayeamua jina la nani litaandikwa kwenye kipindi. Chama cha waandishi ndicho huamua. Na mwaka 2023 waliweka kalamu chini siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei, na moja ya mambo waliyoyapata katika makubaliano ni idadi ya chini ya waandishi ambao lazima wawe chumbani, kulingana na wingi wa sehemu za msimu. Kwa nini idadi? Kwa sababu chumba kikipunguzwa, wanaotolewa kwanza ni wale walioingia mwisho.

Kwa hiyo ninayowaomba ni ya kuandikwa kwenye karatasi. Stesheni inayonunua vichekesho vitatu kwa msimu, kimoja kiwe na mwandishi mkuu mwanamke, na mkataba useme wazi kwamba rasimu yake ndiyo inayorekodiwa, ili asipewe cheo huku kalamu ikibaki kwa mwingine. Kila chumba kiwe na wanawake wasiopungua wawili wenye cheo cha mwandishi, na kazi ya kuchapa izunguke. Mkataba utiwe saini kabla ya kikao cha kwanza, malipo yatolewe rasimu inapokabidhiwa, si baada ya stesheni kumlipa mtayarishaji, kwa maana miezi ya kungoja huko ndiyo inayowaondoa wenye watoto katika kazi hii. Vikao viwe mchana. Kikichelewa kimoja, kampuni ilipe teksi hadi mlangoni. Jina la mwandishi wa sehemu lionyeshwe mwanzoni, pamoja na majina ya waigizaji, mahali ambapo tangazo halifiki.

Kwenu Mamlaka ya Mawasiliano nina ombi moja. Mnazitaka stesheni zitenge asilimia 40 ya muda wao kwa vipindi vya humu nchini, na mnapokea taarifa zao. Daini katika taarifa hizo majina ya waandishi wa kila kipindi. Hamhitaji kumwadhibu mtu yeyote. Orodha hiyo ikichapishwa mara moja kwa mwaka, kila mtu ataona nani anaiandikia nchi vichekesho, na mwanamke atakuwa na karatasi ya kuonyesha anapoomba kuongoza chumba.

Mtaniuliza kama watazamaji watakubali. Wamekuwa wakikubali. Wasichana wetu waliochoka kungoja wameshajiendea kwenye simu zao. Wanaandika, wanaigiza, wanajirekodi wenyewe sebuleni, na wanatazamwa na watu ambao zamani walikuwa wenu. Mchekeshaji Mammito alitoka kwenye jukwaa la kipindi cha Churchill Show akajenga maonyesho yake mwenyewe, na watu hulipa kiingilio. Watangazaji wa biashara wanayaona hayo na wameanza kuwafuata huko. Vipaji hivyo havikuikataa runinga. Ilikuwa na mlango mwembamba, wakapita kando.

Mimi bado naipenda runinga. Napenda kwamba kichekesho kinaweza kuingia nyumba milioni kwa dakika moja, mama na mwanawe na bibi wakacheka pamoja kwa sababu tofauti. Nataka mama wa nyuma katika kile chama arudishiwe swali lake. Nataka iandikwe tamthilia ya kuchekesha kuhusu wauguzi wa zamu ya usiku, kuhusu wamama wa soko la Gikomba wanaofungua marobota ya mitumba alfajiri na kugombea kwa adabu kanzu moja ya hariri, kuhusu mama mkwe anayempenda mkaza mwanawe kuliko mwanawe. Nina rasimu za baadhi ya hayo. Wenzangu wana nyingine.

Tumekaa, waandishi wanawake kadhaa wa mji huu, tukaandika mkataba wa mfano wenye masharti niliyoyataja hapo juu, ikiwemo kipengele cha kifungu cha 31 na cha 32. Ni kurasa chache na umeandikwa kwa lugha nyepesi. Mtakapoanza kugawa kandarasi za msimu ujao, tupeni siku na saa, mchana, tuje tuupitie pamoja. Waiteni mawakili wenu wawepo.

Wenu kwa heshima,

Mwandishi wa vichekesho,
Nairobi